Taa Niliyoikataa Bondeni

Bondeni, Kyela
Jumapili, 18 Mei 2025

Mpendwa mdogo wangu Andongwisye,

Ugonile, mwana wa mama. Naomba barua hii iwakute wazima wewe, wifi yangu Kisa na watoto, na joto la Mtwara liwe limeanza kuwahurumia. Kifua chako kikoje? Ulisema vumbi la huko bandarini linakukohoza usiku. Usikizoee kikohozi hicho, nenda kapime.

Huku mvua zimetupiga hata tukasahau jua. Mama hajambo kule Ndandalo. Mguu unamsumbua asubuhi, lakini bado anamfokea ndugu yetu Bryson kwamba anachuma kakao kabla haijaiva, kwa hiyo ujue ni mzima kabisa.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia wakati simu ipo. Simu nimeishika mara nyingi wiki hizi tatu, nikaiweka chini. Mdogo wangu, nilikudanganya. Nilipokupigia kwamba Anitha ameteleza kwenye tope akavunjika mkono, ulishukuru Mungu, ukaniambia, "Ndaga fijo, asante sana, dada. Najua yuko mikononi mwako." Tangu siku hiyo silali vizuri. Mwanao hakuteleza. Na katika yaliyompata, mimi shangazi yake nina sehemu yangu. Soma mpaka mwisho kabla hujanipigia.

Jambo lenyewe lilianza na mpunga. Unalijua shamba letu la chini, lile linalopakana na barabara itokayo sokoni kwenda darajani. Mwaka jana mwenye nyumba ya wageni ya jirani alifunga taa kubwa ukutani kwake, mwanga wake ukawa unaangukia kona ya shamba usiku kucha. Mpunga wote ulipochanua na kuanza kuwa wa njano, ile kona ilibaki kijani kama imepandwa jana. Bwana shamba alikuja akaangalia, akasema mpunga wetu huu wa kienyeji hungoja usiku mrefu ndipo uchanue. Ukimulikwa, unadhani wakati haujafika. Tulipovuna, ile kona niliwakatia ng'ombe wa jirani. Nilimwendea yule bwana, akaizima taa yake, tukaachana vizuri.

Sasa mwezi wa kwanza mwaka huu tukaitwa mkutano. Ulikuja mpango wa taa za sola za barabarani, kuanzia stendi, kupita sokoni, hadi darajani. Watu walijaa. Akina mama wa ndizi na samaki walizitaka sana, maana jua likizama wanauza kwa tochi za simu, na mteja akikuchanganyia noti huoni. Wengine wakasema taa zitaleta walevi na muziki hadi alfajiri. Mzee mmoja akauliza tutamulikiwa nini wakati mitaro iko wazi na kila masika maji yanaingia vyumbani. Yalikuwa maneno ya maana, kila upande.

Anitha naye alisimama. Unamjua alivyo mpole, mimi mwenyewe nilishangaa. Akasema anafunga duka la dawa saa mbili usiku, na kipande cha kutoka kwenye mashine ya kukoboa hadi darajani anakipita akikimbia, kwa sababu hamwoni mtu mpaka amfikie puani. Akaomba angalau kile kipande kipate taa mbili.

Kile kipande ndicho kinachopakana na shamba letu na mashamba ya jirani yangu Lameck na wengine sita. Walikuwa wameniomba nizungumze kwa niaba yao. Nikasimama, nikaeleza habari ya mpunga uliokataa kuchanua. Ningeishia hapo, leo ningekuwa na la kujitetea. Lakini watu walikuwa wananisikiliza, na mdomo ukinoga haujui pa kukaa. Nikasema, "Huyu mwanangu amelelewa Mtwara penye umeme kila kona. Giza la Kyela atalizoea tu. Mchumba akipatikana atamsindikiza."

Mkutano mzima ukacheka. Anitha akakaa. Taa za kile kipande zikaondolewa kwenye orodha, zikapelekwa upande wa stendi. Usiku ule alipika, akanipakulia, akaenda kulala bila kula. Nilisema moyoni, hasira za vijana hizo, kesho zitakwisha.

Alhamisi ya baada ya Pasaka mvua ilinyesha tangu mchana. Saa mbili na nusu hajarudi. Saa tatu nikampigia, simu inaita haipokelewi, halafu ikazimwa. Nikajitanda khanga, nikachukua tochi, nikatoka. Barabara ilikuwa nyeusi kama ndani ya chungu. Nilikuwa naita jina lake, na vyura wanapiga kelele mashambani kiasi kwamba sijisikii mwenyewe.

Karibu na mashine nikaona tochi nyingine. Ni Ambrose, mlinzi wa pale, mtu mzima wa makamo. Alikuwa amepiga magoti ukingoni mwa mtaro, mkono mmoja ameunyoosha chini. Akaniambia, "Mama, nimulikie. Kuna mtu humu, na maji yanapanda."

Alikuwa ni Anitha. Maji yalimfika kifuani. Tulimvuta wawili, yeye akilia kwa sababu mkono tulioushika ndio uliokuwa umevunjika, na sisi hatukujua. Paji la uso lilikuwa limechanika. Kiatu kimoja hana.

Tukiwa kwenye bajaji kwenda hospitali alinieleza. Wanaume wawili walitokea upande wa mashine, wakakamata mkoba. Aling'ang'ania, kwa kuwa ndani kulikuwa na funguo za duka. Wakamsukuma, akaangukia mtaroni, wakaondoka na mkoba na simu. Hawakumfanyia jingine, namshukuru Mungu, na daktari alithibitisha. Lakini alikaa mle karibu saa nzima. Akaniambia, "Nilikuwa nawaona watu wanapita juu, shangazi. Nawaita. Mvua inapiga, wao hawanisikii, na hawanioni." Alisema hivyo tu, akageuza uso. Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Alishonwa nyuzi tano. Mkono wa kushoto uko kwenye plasta, wanasema itatolewa mwezi ujao. Polisi tulikwenda, tukaandikisha, hao watu bado hawajapatikana. Mwenye duka amebadilisha kufuli na Anitha amesharudi kazini, kwa kuwa alikataa katakata kukaa ndani.

Asubuhi baada ya usiku ule wa mtaroni ndipo nilipokupigia na uongo wangu. Anitha alikuwa kitandani, anasikia. Nilipomaliza akaniambia, "Baba mwambie ukweli wewe mwenyewe. Mimi sitamwambia kwa niaba yako." Baada ya hapo, kwa siku nyingi, maneno yake kwangu yakawa shikamoo na usiku mwema.

Nilikwenda kwa mtendaji. Ni dada mmoja anaitwa Jubilate, amehamishiwa hapa kutoka Kilimanjaro. Nilimkuta anafunga ofisi. Nikamwambia nataka kurudisha maneno yangu. Akanitazama, akasema, "Mama Tusekile, maneno uliyasema mbele ya watu. Siwezi kuyarudisha humu ndani tukiwa wawili. Jumamosi ya tarehe kumi kuna mkutano." Nilimwona mkali. Baadaye nikaona amesema haki.

Habari zikatembea. Siku mbili kabla ya mkutano Lameck alikuja nyumbani. Hakukubali kukaa. Unajua ng'ombe wake ndio wanaonilimia tangu marehemu mume wangu aondoke, na hajawahi kunichelewesha. Akasema, "Dada, pole kwa mtoto, na wizi ni wizi. Lakini mpunga ndio unaosomesha wanangu. Tulikutuma wewe. Ukigeuka, umetuuza."

Nikamjibu, "Nimemvuta kwenye mtaro kwa mikono hii, Lameck."

"Basi mfunikie mtaro," akasema. "Mpunga wangu umekosa nini?"

Mpunga wake kweli haujakosa kitu. Aliondoka bila kuaga, na usiku ule nilikaa nikijiambia nisiende mkutanoni, nijifanye naumwa, niende Ndandalo kwa mama. Nilikwisha kufunga hata kijifurushi. Asubuhi nikakifungua.

Mkutanoni nilisimama. Anitha alikuwa nyuma kabisa, mkono umening'inizwa shingoni kwa kitambaa. Nikasema kwamba mwezi wa kwanza niliongea habari ya mpunga, na ile ilikuwa kweli, siifuti. Lakini nilimcheka mtoto wa ndugu yangu mbele yao alipoomba mwanga, na wao wakacheka kwa sababu yangu. Hicho ndicho ninachokifuta. Nikasema kona yangu ya shamba inayopakana na barabara sitapanda mpunga tena, nitapanda magimbi, ambayo hayana habari na usiku wala mchana. Taa ya kwanza isimame hapo hapo kwangu.

Halafu Lameck akasimama na kusema kwa sauti kwamba mwenye shamba moja asigawe mashamba ya wenzake. Watu wakaanza kugombana. Mmoja akaniita kigeugeu, mwingine akamwambia akae, nusura washikane. Mwenyekiti alipiga meza mpaka glasi ikaanguka. Jubilate ndiye aliyetuliza. Alikuwa ameshaongea na fundi, na fundi alisema taa zinaweza kuwekewa kikinga cha bati upande wa mashamba, ili mwanga uangukie barabarani tu. Hakuahidi kwamba hakuna mpunga utakaoguswa. Alisema wazi kwamba mpunga wa hatua chache za mwanzo huenda ukaumia. Na ule mtaro ufunikwe kuanzia mashine hadi darajani, kila kaya itoe mtu wa kufanya kazi.

Mikono ikahesabiwa. Tulishinda kwa kura tisa. Taa mbili zitasimama, moja mpakani kwangu na moja darajani. Nguzo zimeshaletwa, zimelala kando ya barabara, wanangoja ardhi ikauke wachimbe. Mtaro tumeanza kuufunika, na Lameck alikuja na chepe lake, akafanya kazi kutwa nzima. Mimi hakunisalimu. Msimu ujao itabidi nitafute ng'ombe kwingine, au nilime kwa jembe. Simlaumu. Angetokea mwingine akatoa shamba langu bila kuniuliza, na mimi nisingemsalimu.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa, na sasa ujue na hili. Mwanao ulinikabidhi miaka miwili iliyopita pale stendi, ukaniambia nimwangalie kama wangu. Wa kwangu nisingemfanya achekwe mbele za watu. Nakuomba radhi wewe, na namwomba radhi Kisa, ambaye alinitumia ujumbe wa kunipa pole, nikaupokea kama mtu asiye na kosa. Mkitaka arudi Mtwara, semeni. Nitamsindikiza mwenyewe hadi mlangoni kwenu, nipokee na maneno mtakayokuwa nayo.

Mpaka taa ziwake, kila jioni nakwenda kumngoja nje ya duka lake. Mwanzoni alikuwa anatembea mbele, mimi nyuma na tochi yangu, kama watu wasiojuana. Juzi Ijumaa tulipofika pale kwenye mashine, pikipiki ilizimika ghafla karibu yetu, na dereva wake akashuka. Alikuwa anaangalia mnyororo tu, maskini. Lakini Anitha alirudi nyuma hatua mbili akanishika mkono kwa ule wake mzima, na kucha zikaniingia. Hakuuachia hadi mlangoni. Pale ndani akavua viatu, akasimama akinipa mgongo, akasema, "Shangazi, bado sijakusamehe. Lakini kesho uje mapema kidogo, tunafunga saa moja na nusu."

Jana nilifika saa moja kamili.

Mama anakusalimu, na anasema picha za wajukuu atumiwe za karatasi, za kwenye simu hazioni. Bryson na mkewe Veronika wanawasalimu, pamoja na Philemon wao, ambaye sasa ameota meno mawili. Msalimie sana Kisa, na umsomee barua hii yote, usiruke hata mstari mmoja. Anitha nimemwonyesha kabla ya kuifunga bahasha. Ameisoma akiwa amesimama, akanirudishia, na hakunisahihisha mahali popote.

Kyala awatunze, awalinde mtokapo na mwingiapo, na akuponye kifua. Nangoja neno lako, liwe lolote.

Ni mimi dada yako, nikupendaye tangu nilipokubeba mgongoni,

Tusekile