Nimefunga Karakana, Mume Wangu Amehamia Chumbani na Nyundo

Mshauri wetu mpendwa,

Naomba unisaidie upesi, maana hapa nilipo sijui tena kama mimi ni mke au ni askari wa gereza, na nyumba nzima imeshaamua kwamba ni askari. Mume wangu ni fundi makochi, watu wanamwita Nyundo Kimya kwa sababu akiwa kazini haongei, na haongei si kwa hekima bali kwa sababu mdomo umejaa misumari, ndivyo mafundi wa zamani walivyomfundisha, unatia konzi moja ya misumari midogo mdomoni, ulimi unaileta mmoja mmoja kwenye midomo, mkono mmoja unavuta kitambaa kisilegee na mwingine unachukua msumari, unagonga, unarudi kuchukua mwingine, na mimi miaka yote ya ndoa yetu nimezoea kumwuliza mambo akanijibu kwa nyusi.

Mvua zilipoanza alishikwa na mafua, akacheka, akaendelea kuchambua makochi ya watu, unajua kochi kuukuu ukilipasua linavyotoa vumbi, sponji imeshakuwa unga, sufi imeoza, na panya naye ameacha ya kwake humo ndani, basi mafua yakawa kikohozi, kikohozi kikawa homa na kichomi ubavuni, mpaka siku moja alitaka kuniomba maji akashindwa kumaliza neno na midomo ikabadilika rangi, tukamkimbiza hospitali, wakasema ni nimonia kali imeshika mapafu yote mawili, wakamweka kwenye oksijeni, na mimi nikakaa kwenye kiti cha plastiki nikimsikiliza anavyovuta pumzi kama mtu anayepandisha kabati ngazini. Sitaki kuisikia sauti ile tena maishani mwangu, ndiyo maana nimefanya yote niliyoyafanya.

Tulipotoka daktari alisema mapafu yatachukua wiki nyingi kupona, pengine miezi, na asisogelee vumbi mpaka yeye mwenyewe aruhusu, na muuguzi akampa chupa yenye maji na mrija, awe anapuliza mapovu polepole mara kadhaa kwa siku, mume wangu akamwambia dada wa watu kwamba nyumbani ana mjukuu wa kufanya mchezo huo. Mrija ulishapotea na chupa mama mkwe anawekea sabuni ya maji.

Basi mimi nikafunga karakana, ufunguo nikaufunga kwenye pindo la nguo yangu, wateja nikawaambia fundi amesafiri, na yeye nikamlaza, nikafunga dirisha la chumba baridi isimpige, nikamfunika blanketi mbili, sikumwacha anyanyuke hata kufuata maji ya kunywa, chakula namletea kitandani, na pamoja na huduma yote hiyo miguu imekwisha nguvu, akisimama anatetemeka, jambo ambalo silielewi kwa sababu mtu anayepumzika ndiye anayepata nguvu.

Mama mkwe tunaishi naye, naye hakukubali tangu siku ya kwanza, anasema ninamwozesha mwanawe, anasema marehemu mumewe alikohoa miaka na miaka na hakuna mwanamke aliyemfungia mlango, nikamwuliza kwani alikufa kwa nini, akanijibu kwamba alikufa kwa kuitwa na Mungu, je, mimi ninaitwa na nani ninayejifanya daktari.

Sasa wiki iliyopita nimerudi kutoka sokoni nikasikia kitu kinagongwa, redio ya sebuleni imefunguliwa kwa sauti kubwa na mama mkwe amekaa kando yake kama mlinzi, nikapita bila kusalimia, nikasukuma mlango wa chumba ukawa mgumu kwa sababu wameziba chini kwa taulo, ndani nikamkuta mgonjwa wangu amekaa kitandani, kiti cha jirani kimepinduliwa magotini, matumbo ya kiti yote yako juu ya shuka, vumbi limesimama hewani kama ukungu, dirisha limefungwa, na misumari mdomoni. Kumbe kila nikitoka mama mkwe anamletea viti kwa mlango wa nyuma amevifunika kwa nguo za kufua. Aliponiona akashtuka, kikohozi kikamshika palepale na misumari ikiwa mdomoni, akainama, akakohoa mpaka macho yakawa mekundu, misumari ikamwagika sakafuni, nikapiga magoti kuiokota na sijui aliingiza mingapi kwa hiyo sijui kama yote ilitoka, na tangu siku hiyo kifua chake kinapiga filimbi upande mmoja, mama mkwe anasema ni gesi. Alipopata pumzi aliniambia, "Umenitoa kwenye jeneza moja ukanilaza kwenye jingine, tofauti yake hili lina shuka."

Hajasema nami tena tangu hapo. Kimya chake cha kazini nilikizoea, lakini safari hii amenyamaza mdomo ukiwa mtupu, na ananiambia kupitia kwa mama yake kwamba nikikataa kutoa ufunguo atahamia kwa kaka yake, na huko najua atafanya kazi mpaka aanguke. Mshauri, nimpe ufunguo au nisimpe? Nikimpa vumbi litammaliza, nisipompa nimempoteza. Namba yangu ya simu nimeiandika nyuma ya bahasha.

Mimi, Mke wa Nyundo Kimya

*

Binti yangu,

Nimeisoma barua yako mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa nikitafuta nukta, na mara ya pili nikitafuta mtu mwenye akili timamu katika nyumba hiyo. Nukta nimezipata chache. Mtu bado ninamtafuta.

Umeniuliza habari za ufunguo. Umenieleza redio, taulo, na nani hakumsalimia nani. Katikati ya hayo, kama mtu anayetaja hali ya hewa, umeandika kwamba mumeo alikohoa misumari ikiwa mdomoni, kwamba hujui kama yote ilitoka, na kwamba tangu siku hiyo kifua kinapiga filimbi upande mmoja. Kisha ukaendelea na habari nyingine! Hilo ndilo swali lako, ingawa hukuliuliza. Msumari mdogo huweza kuvutwa na pumzi ukaingia katika njia ya hewa ukakaa humo kimya, na sehemu ya pafu iliyo nyuma yake ikaanza kuugua upya. Gesi ya tumbo haipigi filimbi kifuani.

Apelekwe hospitali leo, apigwe picha ya kifua. Chuma huonekana kwenye picha. Mwelezeni daktari yote yaliyotokea, pamoja na misumari, pamoja na kiti cha jirani, wala mtu asione haya. Msimpige mgongoni wala kumnywesha mafuta mkidhani mtautelezesha. Akibanwa na pumzi, akikohoa damu au homa ikimrudia, msingoje mtu wala gari la ndugu. Hiyo ni dharura.

Kwa kuwa gazeti huchelewa, nilikupigia kwa namba ile ya nyuma ya bahasha. Ilipokewa na mama mkwe wako, nilipomwulizia fundi akaniambia amesafiri. Uongo ni wako, yeye aliuazima tu. Nilimjibu kwamba kama amesafiri, basi safari yake iishie hospitali, na nikamtajia sababu. Akasema atakuambia. Kama hakukuambia, ujumbe wenyewe ni huu, na magazeti yanauzwa kila mahali.

Sasa nitasema nawe. Ulimwona mumeo akipambana na pumzi, ukaogopa, na sikulaumu kwa hofu. Ninakulaumu kwa sababu hofu hiyo umeifanya kuwa daktari wa nyumba. Daktari alikataza vumbi. Hakukataza miguu. Mtu aliyelazwa chali kutwa nzima mapafu yake hayafunguki sawasawa, makohozi hutuama chini kama tope la mtaro, na misuli hupungua kila siku. Unashangaa miguu inatetemeka? Umeifundisha wewe kutetemeka. Aketi wima kitini. Maji ya kunywa ayafuate mwenyewe. Azunguke chumbani, kesho afike mlangoni, wiki ijayo afike barabarani, na akichoka apumzike bila kuonewa huruma ya kupita kiasi. Uchovu baada ya nimonia ni jambo la kawaida na huchukua muda mrefu kuisha. Asijilazimishe, lakini asizikwe.

Na dirisha lifunguliwe. Umemfungia baridi nje na vumbi ndani, na sijui nani alikwambia kwamba huo ni ulinzi. Kinachomletea mgonjwa wa mapafu balaa ni hewa iliyochakaa, moshi wa jikoni, moshi wa sigara, na wale wageni wanaokuja kumpa pole huku wakimkoholea usoni. Mwenye mafua atoe pole kwa simu. Hukuniambia kama mumeo anavuta sigara. Ikiwa anavuta, hapo sina ushauri wa kumbembeleza: aache, na akishindwa peke yake amwambie daktari amsaidie.

Ile chupa ya mapovu si mchezo wa mjukuu. Kupuliza polepole dhidi ya maji huzifanya njia za hewa zibaki wazi na huyasogeza makohozi yatoke. Mrudieni muuguzi awape kipimo cha maji na mrija mwingine, na mumwombe radhi kwa maneno aliyoambiwa. Chupa ya sabuni iacheni kwa sabuni. Mtakapokuwa huko ulizeni pia kuhusu chanjo za mafua makali na za nimonia, kwa sababu kifua kilichoumia mara moja hakistahili kujaribiwa mara ya pili.

Mama mkwe, najua unasoma hapa, na huenda umesoma kabla ya mke wa mwanao. Mimi nawe pengine tulizaliwa mwaka mmoja, kwa hiyo sitakupaka mafuta. Uliona mwanao anaoza kitandani, na uliona sawasawa kuliko mkewe. Lakini dawa uliyomletea ulikuwa unaificha chini ya nguo za kufua, na mtu mzima akianza kuficha dawa, ajue moyoni mwake kwamba si dawa. Marehemu alikohoa miaka na miaka, umesema mwenyewe. Ungekuwa na uwezo wa kumfungulia dirisha leo, usingelifungua?

Na wewe fundi, uliyenyamaza, nawe usikilize. Aliyekufundisha kuweka misumari mdomoni alikufundisha kwa nia njema, lakini hakuwahi kupimwa kifua. Desturi hiyo inakunyima mambo mawili kwa pamoja: huwezi kuvaa barakoa, na kila kikohozi ni bahati nasibu. Iko nyundo yenye sumaku kichwani, inauchukua msumari yenyewe. Ukiona ni ya kisasa mno, funga kipande cha sumaku kwenye kifundo cha mkono wako, misumari ikae hapo. Mwezi wa kwanza utakuwa mzito. Mwezi wa pili utasahau. Mdomo ukishakuwa huru, vaa barakoa ya vumbi inayoshika vizuri puani na mashavuni, si kitambaa ulichokikata kwenye mabaki ya kochi. Makochi makuukuu yapasuliwe nje, yakiwa yamenyunyiziwa maji, na kwa sasa yapasuliwe na mtu mwingine.

Huu sasa ndio ufunguo mliougombania. Binti, mpe. Mlango ni wake, na mwanamume mzima akifungiwa mlango wa kazi yake atatafuta dirisha, na akikosa dirisha atatafuta kaka. Lakini ufunguo si ruhusa ya vumbi. Wewe na mama mkwe mkaifute karakana wenyewe, kwa kitambaa kibichi, yeye akiwa mbali. Kisha akae mlangoni kwenye hewa, apime vitambaa, ashone mito, apokee wateja na kuwaambia ukweli kwamba aliugua na kwamba bado anaugua. Anayetaka kochi lake atangoja. Asiyetaka kungoja alichukue. Siku ya kugonga msumari wa kwanza itatajwa na daktari, si wewe, si mama, si fundi. Ukishampa ufunguo mwambie lile ulilonieleza mimi: kwamba ulikaa kwenye kiti cha plastiki ukaisikia sauti ile, na hutaki kuisikia tena. Umewaeleza wasomaji wa gazeti zima kabla ya kumweleza mwenye kifua.

Daktari akishamaliza habari ya msumari na kuruhusu matembezi, tembea naye kila siku. Huenda atakuwa bado amekukasirikia. Vizuri, mwache akugombeze njiani. Maadamu anaweza kukugombeza huku anatembea, mwendo unamfaa. Akianza kukatisha maneno kwa kukosa pumzi, simameni kivulini, kaeni mpaka kifua kitulie. Kisha muulize alikuwa amefikia wapi, na umwache amalize.