Vidonge Nilivyompa Mkeo

Chumba cha uani,
Kwa binti yangu.
9 Juni

Mpendwa Shemeji,

Salamu nyingi. Mgongo wako u hali gani, na macho je? Mimi nimebaki mifupa na pumzi za kuhesabu. Binti yangu ananiinua kama kikombe chenye ufa. Ndiyo maana sitaki kuahirisha tena.

Unakumbuka tulivyomwita mdogo wangu, marehemu mkeo: Njiti. Siku ya kujaribu gauni la harusi nilimcheka mbele ya fundi, "Bibi harusi, gauni litavaa nini, hewa?" Fundi akacheka. Njiti akalia. Ili nimtulize nikamchotea vidonge vya kunenepesha katika duka la dawa nilikokuwa mfamasia. Akavimeza miezi minne. Mashavu yakajaa, sote tukamsifu.

Shemeji, juu ya kila figo kuna tezi ndogo, imekaa kama kofia. Hutoa homoni inayoshikilia shinikizo la damu, chumvi na sukari, hasa mtu akiugua. Vidonge vile hufanya kazi ya homoni hiyo. Ukivimeza muda mrefu, tezi hizo hulala. Ukiviacha ghafla, haziamki upesi. Niliyajua hayo. Niliyajibu kwenye mtihani.

Wiki ya pili ya ndoa yenu alinipigia simu dukani kwamba vimekwisha. Nikamjibu, "Si umeshaolewa? Achana navyo." Siku tisa baadaye akapata homa ndogo, akatapika, akalegea mikononi mwako.

Msibani mama alikuuliza, "Umemlisha nini mwanangu?" Ukanitazama mimi, mtu wa dawa, nikutetee. Nikainamisha kichwa. Tukakufukuza kabla ya mazishi. Miaka thelathini na minane nimekula na kucheka, tena nikiitwa mtu mwadilifu.

Sasa daktari amenipa vidonge vile vile kwa ajili ya mapafu. Kwenye pakiti ameandika kwa kalamu nyekundu: usiache ghafla. Nayasoma maneno hayo kila asubuhi.

Jumapili niliwasomea ndugu wote haya yaliyo hapo juu. Kaka mkubwa akasema, "Aje. Lakini nani atamtazama usoni?" Nikasema mimi, nikiwa bado hai. Basi njoo, Shemeji. Nisipokuwapo, kaka atakufikisha kwenye kaburi la Njiti, uweke udongo tuliokunyima.

Kaka na binti yangu wanakusalimu. Wasalimie wanao. Mungu akutunze kuliko tulivyokutunza sisi.

Ni mimi niliyekupenda nikanyamaza,
Shemeji yako