Ofisi ya Kuchomeka

Jumatatu, 3 Machi
Programu ya kuandikia imegoma kwenye kompyuta zote nne za dukani – muda wa majaribio umeisha. Shemeji kaleta flashi, ofisi nzima imo ndani, programu zote. "Hakuna kusakinisha, shem. Unachomeka tu." Mashine ikatoa onyo mara tatu. Kasema huo ni wivu wa kampuni kubwa, nizime ulinzi wa virusi. Nikazima. Miaka kumi na moja nimelijenga duka hili kutoka taipureta moja, halafu namsikiliza mtu aliyewahi kutia dizeli kwenye pikipiki.

Jumanne, 4 Machi
Inafanya kazi! Barua 17, wasifu 6, kadi za harusi 150. Kesho naanza marekebisho ya tasnifu ya mwalimu, mteja wangu wa siku nyingi, kurasa 214, miaka minne ya jasho. Chuo kimemsogezea tarehe ya kuwasilisha mara mbili, hakimsogezei tena: Ijumaa saa sita mchana. Nimemsifu shemeji mbele ya mume wangu.

Jumatano, 5 Machi
Ile sifa naifuta.

Mafaili 1,163. Yanayofunguka: 41. Mengine majina yake yameota mkia wa herufi, kama mtu kakalia kibodi. Tasnifu imo kwenye yasiyofunguka. Nimempigia shemeji. Kauliza kama nimezima nikawasha. Nimemjibu neno nisiloweza kuliandika hata humu.

Fundi kaja. Flashi imeingia mashine ngapi? Zote nne. Kwa nini zote? Kwa sababu inafanya kazi kwenye zote. Akavua miwani, akaipangusa polepole. Toleo la mtaani hilo, kasema – mtu kalifungua, katia kirusi chake, kalifunga tena. Mafaili hayarudi. Na flashi yoyote itakayochomekwa hapa, vilivyomo navyo vinakufa. "Usichomeke kitu, mama. Hata kwa kujaribu."

Mwalimu ana nakala yake kwenye flashi. Moja.

Alhamisi, 6 Machi
Nilipanga kumpigia saa mbili. Nikafagia kwanza. Nikapanga karatasi. Saa tatu kaingia mwenyewe, flashi inaning'inia shingoni. Kasahihisha sura ya tano kwa kompyuta ya shule, anataka kuchapa nakala tatu. Nisijisumbue, atachomeka mwenyewe. Kiti keshakivuta.

Nimekata swichi kuu.

"Umeme tena," nikasema. Nikamwelekeza steshonari ya mtaa wa pili. Kakataa. Kule walimvurugia majedwali, hawarudii. "Kazi hii nakuamini wewe tu, mama. Nitasubiri."

Basi yuko kwenye benchi, anasubiri umeme ambao haujaenda popote. Zimebaki saa ishirini na saba. Kauliza mbona kwa kinyozi, nyuma ya ukuta huu, taa zinawaka. Laini tofauti, nimesema. Naandika hapa kaunta nionekane nina shughuli. Sentensi ya kumwambia ukweli haizidi maneno kumi, nimeihesabu. Kila nikifungua mdomo, anatabasamu.

Sasa kinyozi kawasha redio. Mwalimu kageuza shingo kuelekea ukutani, halafu kwangu, safari hii bila tabasamu.