Shikamoo Bibi

Jumanne, jioni

Mdomo wangu mwenyewe ndio umenifunga hapa Majengo. Nilimwambia mke wa mwanangu hakuna mtoto wa kunishinda kubembeleza. Sasa yeye yuko kazini, na mjukuu halali mpaka nimbebe mgongoni kwa kitenge. Mimi, mwanamume niliyefyeka pori la Madaba peke yangu!

Leo nilichungulia nje ya geti. Vijana wa bodaboda wakaniamkia, "Shikamoo bibi!" Nilitaka kuwatukana, ila mtoto ndiyo kwanza amesinzia mgongoni. Nikaitika polepole, "Marahaba."

Mkwe aliporudi nikamwambia narudi Madaba, shamba limeota majani.

"Sawa baba. Nitatafuta dada wa kumlea."

"Dada gani atamweza huyu?"

Nimejifunga tena.