Choo Kina Maji

14 Machi

Dada mpendwa,

Shikamoo. Natumaini hujambo na ule mvuke wa kiwandani haukusumbui kifua. Mimi sijambo. Nilitaka kuandika kwamba Mama naye hajambo, kama tulivyofundishwa kuanza barua, lakini nimekaa dakika tano nikilitazama neno hilo na limekataa kutoka.

Naandika kwa sababu kwenye simu siwezi. Simu ni ya Mama, na ukuta wetu unaujua, ukinong'ona sebuleni chumbani wanaitikia. Tena wewe mwenyewe husema nikishika simu nanyamaza kama niliyeitwa ubaoni. Dereva wa lori lenu la sabuni amekubali kubeba barua zetu. Hushusha mzigo duka la kona mara mbili kwa wiki.

Tangu uondoke, siku ya tatu baada ya kemo ya pili, ile dawa ya saratani, Mama ametapika mpaka nimepoteza hesabu. Kwanza chakula, kisha maji ya njano, kisha kitu cha kijani, chembamba, chenye povu. Beseni ni lile la bluu alilokuwa akilowekea vitambaa kabla ya kushona. Nalibeba mikono nimeinyoosha, uso nimegeuza pembeni, napumua kwa mdomo. Halafu naona kama ile harufu nimeila.

Cherehani tumeifunika shuka. Mama anasema kila kitu kina ladha ya pini. "Miaka ishirini nimebana pini mdomoni," anasema, "sasa zimeamua kuhamia." Chai ni pini, supu ni pini, hata maji.

Sabuni ulizotuma, zile za waridi, zimefika. Nililifungua boksi sebuleni, mlango wa chumbani umefungwa. Nikasikia, "Nani kaleta maua?" halafu beseni. Alipopumua akasema, "Mwandikie aliyeleta kwamba nimezipokea na nimezitapikia." Samahani, Dada, aliniambia niandike hivyo hivyo.

Sasa nakuuliza. Mimi namwonea Mama kinyaa. Nampenda na namwonea kinyaa, vyote kwa wakati mmoja. Jana aliniomba nimfute mdomo. Nikajifanya natafuta kitambaa, nikasimama jikoni mpaka akajifuta mwenyewe kwa kiganja. Hivi kinyaa kinazoeleka? Na wewe, mbona hukuaga?

Zimebaki kemo nne, lakini anasema ya tatu ndiyo ya mwisho. "Siwezi kutibiwa huku watoto wangu wameziba pua." Daktari alisema asipomaliza zote sita, uvimbe utarudi. Sijui nimwambie nini.

Mdogo wako,
Kasauti

21 Machi

Kasauti mdogo wangu,

Marahaba. Habari za hapo nyumbani, na wewe unakula? Lori limepita mara mbili bila barua yangu. Nilikuwa naandika, nachana.

Siku ile Mama alinitapikia mkononi. Joto lake, Kasauti. Nilikunja uso, nikabana pua, na mimi nikatapika, pale pale kitandani, juu ya miguu yake. Mama akanitazama. Akaivuta miguu yake pembeni, taratibu, kama mtu anayempisha mgeni apite. Angenitukana ningekaa. Kupishwa kule nilishindwa. Nikachukua begi. Tangu siku hiyo nikimpigia simu anakata.

Hapa tunachemsha mafuta ya wanyama kutwa nzima kabla hayajawa sabuni. Yananuka kama kitu kilichofia darini. Wiki ya kwanza nilikuwa natapika nyuma ya stoo. Sasa nakula mkate wangu kando ya pipa. Kwa hiyo ndiyo, kinyaa kinazoeleka, lakini cha mafuta. Cha mtu wako sijui, mimi nilikimbia.

Ila kuna mama mmoja wa kufungasha, aliuguza mumewe kwa dawa hizo hizo. Anasema chakula kipoe kwanza, maana kinachonuka ni ule moshi. Sufuria ifunuliwe nje, mbali naye. Vijiko vya chuma ficha, mpe cha plastiki, pini zitapungua. Kidogo kidogo, kila baada ya muda, usimwekee sahani iliyojaa akaogopa kwa kuiona tu. Asubuhi atafune mkate mkavu kabla hajainuka. Na mdomo asukutue kwa maji ya chumvi, vidonda visije vikamzuia kula.

Sabuni za waridi wape majirani.

Dada yako

1 Aprili

Dada mpendwa,

Shikamoo. Habari za kazi? Mpe salamu yule mama wa kufungasha, mwambie ni mwalimu kuliko walimu wangu wote. Viazi vilivyopoa vinakaa tumboni. Kijiko cha plastiki Mama anakiita "kijiko cha chekechea", lakini anakitaka.

Kemo ya tatu alipata tarehe 26, wakamwongezea vidonge vya kuzuia kutapika. Dada, hajatapika hata mara moja! Beseni nimelisugua nimeliegemeza uani. Tena hata chooni sina kazi. Unakumbuka kemo ya pili nilivyokuwa nasugua mpaka ukutani? Sasa anaingia, anakaa muda mrefu, anatoka, na choo kinabaki kisafi kama hakuingia mtu. Sijamuuliza. Nani aulize? Nafurahi tu.

Juzi tulirudi kupima damu. Mama aliingizwa chumba cha ndani, nikabaki na nesi, yule mnene mwenye miwani ya kamba. Akanieleza habari za usafi: dawa hutoka na uchafu wa mgonjwa, kwa hiyo nivae glovu, nimwage maji mara mbili, nifunike. Kisha akashika kalamu.

"Choo kikoje?"

"Kina maji," nikasema.

"Tangu lini?"

"Tangu mwezi jana." Si unajua, tangu fundi bomba abadilishe ule mpira.

"Mwezi jana! Saa zote kina maji?"

"Saa zote, nesi. Hata usiku."

"Poleni sana. Mbona hamkusema?"

Nilishangaa kupewa pole kwa choo kuwa na maji, lakini nikasema asante. Akaandika, akanipa vidonge vya tumbo, kutwa mara mbili. Dada, nilijibu maswali yote bila kutazama sakafu! Ungekuwepo ungepiga makofi.

Ila tangu jana Mama hataki kula, anasema ameshiba. Mwili umekonda lakini tumbo limekaza, sketi haifungi. Nikiligusa ananitoa mkono. Kemo ya nne ni tarehe 16, na bado anasema haendi. Vidonge nampa kwa saa, sijaruka hata kimoja.

Mdogo wako,
Kasauti

3 Aprili

Kasauti,

Salamu baadaye. Nesi hakuuliza choo cha kuingia! Aliuliza choo anachopata Mama! Ulipomwambia kina maji, ameandika kwamba Mama anaharisha tangu mwezi jana, saa zote, hata usiku. Vidonge alivyokupa ni vya kufunga tumbo. Na kwa ulivyoandika, Mama amefunga tayari.

Acha vidonge hivyo. Mpeleke siku hii hii utakayosoma. Nimempigia mara tisa, anakata. Naandika nimesimama getini na dereva amewasha gari.

Ukifika usinong'one. Sema neno lenyewe.

Dada yako

8 Aprili

Dada mpendwa,

Shikamoo. Najua hukulala, lori limepita na mimi kimya. Nilikuwa wodini. Mama yupo. Nakueleza yote, na kama unakula, kwanza weka mkate pembeni.

Barua yako niliipata asubuhi ya tarehe 4. Niliisoma dukani kati ya magunia, masikio yakawaka moto. Nyumbani nilimkuta Mama amejikunja sakafuni kando ya cherehani, anatapika tena, na safari hii matapishi yalinuka kitu kilicholala ndani siku nyingi. Nikamuuliza, "Mama, siku ngapi hujapata choo?"

"Mtoto mwenye adabu haulizi mambo hayo."

"Siku ngapi, Mama?"

Akanyoosha vidole tisa. Nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Ulikuwa umefurahi," akasema. "Kila ukitoka chooni una uso wa mtu aliyefaulu mtihani."

Nilimwambia kosa langu lote, la maji na la vidonge, nikiwa namvalisha viatu, kisha nikabeba na beseni la bluu.

Kliniki mabenchi yalijaa mpaka mlangoni. Nesi yule yule alikuwa dirishani. Nikanong'ona.

"Ongea, binti, hapa si maktaba."

"Mama hajapata choo."

"Kipo mwisho wa korido, mkono wa kushoto," akasema, bila kuinua kichwa. "Aharakishe, kuna foleni."

Sijui nini kilinipanda. Nikapiga kelele. "Mavi, nesi! Mama yangu hajatoa mavi siku tisa! Nilikwambia kina maji nikidhani unauliza bomba!"

Korido nzima ikageuka kunitazama. Mimi niliyeshindwa kusema "naomba ruhusa" darasani miaka yote ile. Nilitaka sakafu inimeze. Halafu mzee mmoja akasema polepole, "Mimi siku tano, mwanangu. Nilikuwa naona haya." Na mwanamke wa benchi la nyuma akainua mkono kama yuko shuleni. Nesi akavua miwani.

Walimpima damu kwanza, wakambinya tumbo, wakamwekea dripu. Daktari alisema tungekaa siku mbili zaidi, utumbo ungeweza kupasuka. Wakaona damu inaruhusu, wakampitishia dawa kwa nyuma, na mimi nikaambiwa nikae naye.

Hiyo sehemu ndiyo nilitaka kuiruka. Kwanza zilitoka kokoto. Mama amening'inia shingoni kwangu, analia kama mtu anayejifungua. Kisha vikaja vyote, Dada, havikungoja. Kwenye mapaja yake, kwenye gauni la wodi, ndani ya soksi yangu, vya moto. Harufu ilikaa ulimini. Nilikuwa na glovu, nikafuta, nikafuta, machozi yananitoka kwa ule uvundo. Mwishowe nikasema, "Mama, nataka kutapika."

"Si utapike," akasema. "Beseni hilo hapo, ni la ukoo."

Nikatapika. Na yeye kule kwake akaendelea. Tukatazamana, kila mmoja na shughuli yake, tukaanza kucheka mpaka nesi akaja kufunga mlango.

Usifikiri kinyaa kimekwisha. Leo asubuhi nimeosha gauni lake jingine nikakohoa mpaka kooni kukauma. Lakini sasa namwambia, "Mama, hii inanuka vibaya," naye anasema, "Najua, imetoka kwangu." Kila asubuhi namuuliza kama amepata, na ananipa maksi. Leo saba kwa kumi. Nesi naye ameacha kuuliza choo kikoje. Anauliza mgonjwa anajisaidiaje, na mimi ananiita Fundi Bomba mbele za watu.

Nilimwambia Mama kwamba aliyemwokoa ni barua yako. Nikamweleza na habari ya miguu, nisamehe, ulivyoona amekupisha kama mgeni.

"Mgeni wapi?" akasema. "Niliivuta miguu apate nafasi ya kutapika vizuri. Nilidhani angekaa."

Halafu akageukia ukutani. Akiwa huko huko akasema nikuulize kama kiwandani kwenu kuna sabuni isiyonuka kitu. Za dukani zote zina maua. Na tarehe 16 ataenda, anasema, ila safari hii anataka watu wawili wa kumshika, maana mimi nina mabega ya kuku.

Mdogo wako,
Kasauti

11 Aprili

Kasauti,

Marahaba, mdogo wangu. Barua yako nimeisoma nikila, sikuuweka mkate pembeni, nikajuta.

Sabuni ipo. Nilimwomba fundi wa mtambo anikatie vipande kabla hawajatia rangi na manukato. Ni vyeupe, vina pembe mbaya, na nimevinusa mpaka pua imechoka. Havinuki kitu. Ni kumi na viwili, vitatosha mpaka kemo ya sita.

Dereva alitaka kuvibeba na hii barua. Nimempa barua tu. Vipande ninavibeba mwenyewe, nafika tarehe 14.

Mwambie Mama nikipiga simu asikate, nitakuwa nauliza maksi za siku. Na beseni msilifiche kwa ajili yangu. Liacheni hapo hapo kitandani, katikati. Safari hii nikishindwa, nitatapikia humo.

Dada yako