Jiwe Lenye Wimbi Ndani

Baba,

Nimezoea kuandika magazetini kuwaumbua wakubwa, na wasomaji wa Bungoma wananijua kwa ukali huo. Leo nakuandikia wewe, uliye kaburini Matulo, mbele yao wote. Anayenitia kichefuchefu safari hii ni mimi.

Unaikumbuka safari ya jangwa la Turkana? Mlowezi mmoja wa Kitale, mpenda kukusanya mawe, alikuchukua kwa kuwa ulikuwa mchonga mawe ya kusagia. Mimi nilikuwa karani na mkalimani wake, kijana wa misheni, viatu vinang'aa hata mchangani. Mpishi alikutuma utafute mafiga matatu. Ukarudi na mawili chini ya kwapa, na la tatu umelipakata kama mtoto.

"Hili halipikiwi," ulisema. "Lilikaa peke yake. Halina ndugu hapa."

Ukalivunja ncha kwa nyundo, ukalamba palipovunjika ili punje zionekane. Mpishi akaangua kicheko. "Si mzee ameshindwa na njaa! Ati sasa anakula jiwe, bana!"

Hukumjali. Uliniita mimi.

"Karani, tazama. Ngozi imeungua, ndani ni kijivu. Moto wa mlima hupika jiwe mpaka tumboni. Na hizi punje, kama wimbi la kusaga! Nimepasua mawe ya Elgon tangu ujana, sijaona jiwe lenye wimbi. Na chuma hiki kinachometa. Hili limeanguka kutoka juu. Mwambie."

Bwana akauliza unasema nini. Niliona aibu, baba. Ulimi wako ulikuwa bado na vumbi. Nikamjibu kwa Kiingereza kwamba unasema ni jiwe la volkano, kama la Elgon. Akanipa kibandiko cha kulisafirisha nalo Ulaya, nikaandika hivyo, na chini yake jina lake kama mwokotaji.

"Jina langu umeliandika?" uliuliza.

"Ndiyo, baba."

Mpaka unakufa uliwaambia majirani, "Jina langu liko Ulaya, limelala na jiwe." Wakacheka. Nami nilikuwa nimeketi hapo hapo, nakunywa chai yako.

Mwezi uliopita, Kitale, nilikuta jarida la wataalamu. Jiwe lako lilikaa kwenye droo huko Ulaya miaka yote hii kwa sababu ya kibandiko changu, hadi mtu akalikata kwa msumeno. Ameliweka katika kundi la vimondo vya mawe. Ushahidi wake ni ganda lililoungua, punje za mviringo, chembe za chuma. Ni maneno yako, baba, yamevishwa suti. Mwokotaji: yule bwana.

Ningemtukana, na kalamu yangu ingefurahi. Lakini mwandiko ni wangu. Hakuiba. Nilimpa.

Nimewaandikia wenye jarida kwamba mwokotaji ni Wanyonyi, mchonga mawe wa Matulo, na kwamba alilitambua siku ile ile. Nimeandika pia nani alidanganya. Huenda wakaitupa barua. Basi watu wa Matulo waisome hapa: kuhusu jiwe ulisema kweli, na uongo kuhusu jina ulikuwa wangu.

Uliniuliza mara moja tu, ukaniamini kwa sababu nilijua kuandika. Laiti ungeuliza tena.

Pumzika, baba.

Mwanao, karani.