Kila Mtu na Ombi Lake

Mama,

Wanajumuiya walikuja kusali kwetu Jumamosi, mara ya kwanza tangu tukuzike. Nilitandaza vitambaa vyako vya kufuma kwenye viti, nikapika chai kwa ile sufuria kubwa, nikamsihi Mutua atoke akae na watu. Akageukia ukuta. Tangu mazishi, mdogo wangu analala tu nyuma ya pazia, na akitoka anafuata pombe. Chumba chetu cha Shauri Moyo unakijua, ukikohoa kitandani mgeni sebuleni anasema pole.

Ulipokuwa mwenyekiti wa jumuiya uliwajua watu wako. Mtu anafumba macho, anaanza kumwombea jirani "aliyepotea," na kufikia amina mtaa mzima umejua kapotelea wapi na kwa nani. Wewe ulikuwa unakohoa kidogo. Kisha unasema, "Huyo mwombee ukiwa peke yako. Hapa sema yako." Ulitueleza kwamba Wakristo wa zamani sana, wale waliokwenda kuishi jangwani, walifunika aibu za wenzao wakalilia za kwao, na kwamba hiyo nayo ni sadaka, hata asiye na unga nyumbani anaweza kuitoa. Mimi nilidhani unapenda tu kuamuru watu. Na ulipenda pia, usikatae.

Sasa mwenyekiti ni Mama Nekesa. Roho yake ni nzuri, ndiye aliyeosha vyombo vya matanga mpaka cha mwisho. Lakini baada ya somo akaanza: "Bwana, mtazame kijana wa nyumba hii, pombe inammaliza." Mwingine akapokea: "Mama yake amekufa na huo uchungu." Nikasikia kitanda kikilia nyuma ya pazia. Mama, nilingoja ukohoe. Nilingoja kabisa, kama mjinga.

Zamu yangu ikafika. Ombi nilikuwa nalo tayari, tena tamu kuliko yao: Mutua apone, na watu waende wakisema Mwende anabeba mzigo. Hapo nikajiona nilivyo, na sikupenda nilichokiona. Nikaliacha ombi hilo, na Mama Nekesa akafungua jicho moja anione. Kisha nikasema, "Bwana, ni mimi Mwende. Namfulia ndugu yangu nguo huku nikimlaani. Namwonea wivu kwa sababu yeye ameweza kuanguka, na mimi hata kulia sijalia. Nisaidie mimi." Nikalia hapo hapo mbele yao, kamasi na kila kitu.

Mama Nekesa ndiye aliyefuata, akasema polepole kwamba hawasemezani na binti yake na kosa ni lake. Halafu sauti nzito ikatoka nyuma ya pazia: "Mungu, ni Mutua. Hii keja bila mathe naiogopa, manze."

Hakuna aliyecheka kusikia mwanamume akiogopa nyumba isiyo na mama. Wakaitikia wote, "Twakuomba utusikie."

Hakutoka, Mama. Nilimpelekea chai kulekule, tukainywa tumeketi kitandani pako, na tukakuzungumzia kwa mara ya kwanza. Alinikumbusha ulivyokuwa ukisifu kila kinyago alichochonga, hata yule twiga aliyetokea kama mbuzi. Tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Jana alirudi amelewa tena, kwa hiyo usidhani nakuandikia habari za muujiza. Ila alikula, na alipomaliza aliniuliza kama na mimi nimekula.

Nakuahidi jambo moja. Sitamwanika ndugu yangu mbele ya watu, hata kwa kisingizio cha sala. Akirudi nitamfungulia kwanza, nimpashie chakula, na hasira zangu nizipeleke kwa Mungu kwa jina langu mwenyewe. Nikishindwa, nitasema nimeshindwa.

Kwaheri, Mama. Pumzika, wala usituhangaikie sana. Sasa tunakulilia tukiwa wawili.

Binti yako,
Mwende